Injini Iliyoanguka Konani

Mtu mmoja alikuwa na injini ya mvuke isiyozidi urefu wa mkono wake. Aliitwa Luhende, fundi mstaafu wa karakana ya reli ya Tabora, na injini hiyo aliitengeneza mwenyewe kwa shaba na bati, miaka sita, akifuata kipimo bila huruma. Kila kilichokuwa kwenye injini kubwa aliyoihudumia ujanani kilikuwamo, kimepunguzwa mara thelathini: ribiti za kufungia tangi, mabomba ya kumwagia reli mchanga, vyuma vya breki mbele ya magurudumu, hata kingazi cha kupandia dereva. Ekseli alizikaza zisitikisike. Kule karakana alikuwa mtu wa kuchora alama ya chaki kwenye ekseli inayocheza, na injini yenye chaki ya Luhende haikutoka hata bosi akikunja uso. Hakuona sababu ya kulegeza kamba uzeeni.

Injini ile kubwa ilikuwa na dereva wake, Kapela, ambaye sasa alikaa nyumba ya tatu kutoka kwa Luhende. Kiharusi kilimpiga mara mbili, kikamwachia mguu mmoja na ulimi mzito. Jumamosi binti yake angekuja kumchukua akaishi naye Mpanda, na wote walijua kwamba hatarudi. Kapela aliomba jambo moja kabla ya kuondoka: aione injini yake ikizunguka, mzunguko mmoja mzima. Luhende alimwahidi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, naye aliona muda unatosha na kusaza.

Reli aliitandaza sebuleni, juu ya mbao. Lakini sebule ilikuwa na wenyewe. Kulikuwa na seti ya makochi yenye vitambaa vya kufuma, na kabati kubwa la vioo lililojaa vyeti vyake vya utumishi bora, ambalo halikuwahi kusogezwa tangu liingizwe mle ndani. Basi reli ikapita palipobaki, na ilipofika mbele ya kabati ikakunjwa kwa nguvu ili igeuke. Injini ilipata mvuke kwa moto wa spiriti, ikaondoka vizuri kwenye mstari ulionyooka, ikafika konani, ikaanguka ubavu.

Luhende akaikagua injini. Aliyapima magurudumu, akayakuta sawa. Akaiwasha tena, ikaanguka mahali palepale. Jumanne akaifungua yote akaifunga upya na kuzikaza ekseli zaidi, maana kwa fikra zake kinachoanguka kimelegea. Ikaanguka. Jumatano ilianguka mara kumi na moja na kupinda kingazi. Mkewe, Nyamizi, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji, alisema labda wasogeze kabati. Luhende alimjibu kwa ukali kwamba kabati halijaangusha kitu. Kufikia Alhamisi alikuwa akiisema injini kama mzazi anavyomsema mwana mkaidi: nimekupa kila kitu, nimekunyima nini, mbona wanitia aibu?

Ijumaa asubuhi Nyamizi alichoka. Bila kumwuliza mumewe alikwenda kwa Kapela, akamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi sebuleni. Luhende aliona haya. Akaanza kumweleza kasoro za injini moja baada ya nyingine, na zilikuwa nyingi, maana alikuwa amezitafuta siku nne. Kapela alimwacha amalize. Akaitazama injini ikiondoka, akaitazama ikianguka, kisha akaomba ishikwe kwa mkono palepale kwenye kona. Akaonyesha kwa kidole. Gurudumu la mbele lilitaka kugeuka, na chuma cha breki kililizuia. Gurudumu la kati lilisukuma reli, kwa kuwa ekseli yake haikuwa na pa kwenda. Ndipo akasema, taratibu, akilitafuta kila neno:

"Fundi, kila kitu umekipunguza kwa kipimo, isipokuwa kona. Kona umeikunja kulinda kabati lako."

Luhende alikaa chini kwenye sakafu. Hesabu ile aliijua tangu ujana. Kona ya reli kubwa, hata ikipunguzwa mara thelathini, ingetoboa ukuta na kutokea kwa jirani. Miaka sita alipima ribiti, na kona hakuipima hata siku moja. Ilimuuma, na hakuwa na wa kumlaumu.

Vyeti vikashushwa. Majirani wawili wakaja, kabati likatolewa barazani na makochi yakapelekwa uani, na Nyamizi, aliyelisema hilo tangu Jumatano, akafagia palipobaki wazi. Reli ikasogezwa hadi ukutani, kona ikapanuka. Hata hivyo haikutosha, kwa kuwa kuta hazisogei. Hapo Luhende alichukua tupa. Alikata vyuma viwili vya breki alivyovichonga kwa mwezi mzima, machozi yakimlengalenga, kisha akailegeza ekseli ya kati ikapata kucheza kwa unene wa ukucha. Katika karakana angeipiga chaki.

Saa kumi jioni injini iliondoka. Ilifika konani ikasita, ikainama kidogo, ikapita. Kapela alihesabu mizunguko tisa kabla ya spiriti kwisha, na mkono wake mzima ulikuwa hewani muda wote, umeshika wenzo wa mvuke ambao haukuwapo. Hakuuliza vyuma vya breki vimekwenda wapi. Jumamosi alipanda treni ya Mpanda.

Nanyi mnaonisikiliza mna watu majumbani mwenu. Yule anayeanguka kila siku mahali palepale, mmemkagua mara nyingi, na kasoro zake mnaweza kunitajia sasa hivi bila kukosea. Lakini kona mliyomwekea, mmeipima lini?