Paa Lililoezuliwa Mchana Kweupe

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa pwani aliishi mjane mcha Mungu, Bi Mwanahija binti Shee, Mola amrehemu. Alimtunza mamaye, kipofu mwenye maradhi ya kifua. Masika yaliyotangulia paa lilivuja, yule mama akalowa hadi watu wakamwandalia sanda. Bi Mwanahija akaapa kwamba hali ile haitarudi, akashinda mwaka mzima akishona makuti kwa mikono yake.

Desturi ya mji ule ilikuwa kuyafukia makuti katika tope la hori, ule mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kwa siku arubaini, chumvi iyakinge na wadudu. Kila nyumba ilifunga mizigo yake kwa kamba yenye mafundo yake. Ya Bi Mwanahija yalikuwa mawili, na ya wakfu wa msikiti matatu. Siku ya kuopoa, tope lilikuwa limegandamana juu ya kamba, naye alikuwa na haraka. Akakata kamba pasipo kuziosha, akaezeka, akamshukuru Mola wake.

Mawingu yalipoanza kutanda, alikwenda horini kuokota zile kamba alizoziacha, apate kuzitumia tena. Akaziosha. Fundo la kwanza, la pili, la tatu. Akafukua pembeni, akaikuta mizigo yake mwenyewe imeoza kwa kupitiliza siku, makuti yakimkatikia mkononi.

Akaenda moja kwa moja kwa msimamizi wa wakfu, Sheikh Sharwani, aliyekuwa amewatangazia waumini kwamba makuti ya msikiti yamechukuliwa na maji makuu ya bamvua.

"Sheikh, makuti ya msikiti yako juu ya paa langu. Nimekosea mafundo."

Sharwani akafunga mlango. "Nyamaza, Bi Mwanahija. Mama yako mgonjwa. Nakuhalalishia."

"Unanihalalishia mali ya nani?"

"Nimeshasema yamechukuliwa na maji! Ukiyarudisha hayo, wataniuliza mizigo mingine iko wapi."

Ndipo Bi Mwanahija alipolikumbuka ghala la Sheikh, lililoezekwa upya juzijuzi. "Basi jiandae kuulizwa," akasema, akatoka.

Nyumbani akamweleza mamaye, machozi yakimlengalenga. Yule mama akasema, "Sasa unangoja nini? Nishike mkono nitoke, usinimwagie mavumbi."

Akaezua mchana kweupe. Majirani wakamzonga: "Ngoja masika yapite! Utamuua mama yako!"

Akawajibu kutoka juu ya boriti, "Atakayenijibia Siku ya Hisabu na apande anizuie."

Hakupanda mtu. Kabla ya alasiri makuti yote yalikuwa uani mwa msikiti. Alasiri mvua ikashuka, na hao wanawake wawili wakakaa chini ya mkeka mmoja, ndani ya kuta zisizo na paa.

Sheikh Sharwani akaja, maji yakimchuruzika kilembani. "Njooni mkae ghalani kwangu mpaka masika yaishe. Mseme tu kwamba mizigo iliyopotea ni hiyo iliyokuwa juu ya paa lenu, hakuna mingine."

Bi Mwanahija alimtazama mamaye akitetemeka, na moyo ukamuuma. Lakini mama akamtangulia kujibu: "Mwanangu ametoka kuezua makuti ya msikiti, Sheikh, nawe unatuita tukalale chini ya mengine?"

Sharwani akaondoka. Kisha watu wakamwona juu ya ghala lake, mvua ile ile ikimpiga, akikata kamba na kushusha makuti. Waliokuwa wakipiga kelele mchana walitazamana, wakaingia majumbani, kila mmoja akatoka na kuti moja au mawili kwa ajili ya nyumba ya mjane.

Mama yule alikohoa masika yote, wala hakufa.

Ndugu zangu, sisi nasi tuna mengi ambayo si yetu, na kila mwaka tunajiambia masika yapite kwanza. Bi Mwanahija hakungoja. Mwenyezi Mungu atupe ukaidi wake.