Matafuno Elfu na Kilemba cha Sultani

Hapo zamani, katika nchi iliyoitwa Unyasini, watu walikuwa na wazimu mmoja tu, na wazimu wenyewe ulikuwa ndege wa mabua. Si ndege wa kuliwa, la. Ni ndege wa kutengenezwa kwa mikono, mbavu zake mabua ya mtama, mabawa yake karatasi, na gundi yake uwanga uliopikwa ukawa mzito. Kila mwaka, mavuno yakiisha, watu wa Mlimani na watu wa Bondeni na watu wa Mchangani walikutana uwanjani mbele ya jumba la Sultani wakawarusha ndege wao, na yule ambaye ndege wake alikawia kutua kuliko wote akaitwa Bingwa.

Na kwa kuwa nchi ile haikuwa na saa, muda ulipimwa kwa tambuu. Ndege akiacha mkono, mwamuzi huanza kutafuna, na watu huhesabu taya lake likipanda na kushuka. Ndege akigusa ardhi, mwamuzi hutema. Basi hapo ndipo ilipozaliwa fitina, kwani zamani kila upande ulikuwa na mwamuzi wake. Bwana Ngwali, bingwa wa Mlimani wa miaka kumi na miwili nyuma, alijisifu kwamba ndege wake alikaa matafuno mia nne. Watu wa Bondeni wakasema mwamuzi wa Mlimani alikuwa na meno mawili yasiyokutana, akitafuna mbio mbio kama sungura. Bwana Shomvi, bingwa wa Bondeni, alijisifu kwa matafuno mia tatu, tena ya meno kamili. Watu wa Mlimani wakasema mwamuzi wa Bondeni alikuwa mjomba wake, tena siku hiyo alikuwa na njaa. Wa tatu ni Machano wa Mchangani, mtu asiye na shamba wala kuku, mali yake mdomo. Yeye alisema mia sita, na mwamuzi wake alikwisha kufa, na marehemu hahojiwi.

Ikawa watu hao watatu hawakutani ila wanagombana. Waligombana arusini, wakagombana msibani maiti angali ndani, na siku moja wakagombana barazani kwa Sultani Mwinyikondo, aliyekuwa anapenda mambo mawili duniani, halua na kimya.

Sultani akasema, "Nyamazeni! Masikio yangu yamekuwa kama ngoma ya kukodi. Sasa sikilizeni amri yangu. Anayejiita bingwa amrushe ndege mbele yangu, kwa mwamuzi wangu, akae matafuno elfu moja. Asiyeweza, afunge mdomo wake hadi kufa."

Hapo Bwana Ngwali akakumbuka kwamba ana goti bovu. Bwana Shomvi naye akaingiwa na kitu jichoni. Lakini Machano, mdomo ulimtangulia, akasema, "Elfu moja tu, Bwana wangu? Hata mke wangu, aliyetoka arobaini juzi, ataziweza huku ananyonyesha!"

Sultani akatabasamu, na tabasamu lile halikuwa jema.

"Vema sana," akasema. "Keshokutwa mke wako atamrusha. Elfu ikitimia, utakwenda zako. Isipotimia, utakwenda kisiwani kuchimba chumvi miaka saba." Na Machano akatiwa ngomeni.

Mkewe aliitwa Mize. Habari zilimkuta mtoto ananyonya na chungu kiko mekoni, na alipozisikia alitoka mbio na mtoto mgongoni, kanga moja kavaa nyuma mbele, wala hakukumbuka kuepua chungu. Akafika chini ya dirisha la ngome akaita.

"Baba Riziki! Umesema nini wewe? Umesema nini mbele za watu? Hivi huyu mtoto ana siku arobaini na tatu, hajakujua hata harufu, na wewe unataka arudishiwe baba akiwa na miaka saba, baba mwenyewe amekauka kama ng'onda?"

"Neno lilitoka tu, mke wangu."

"Lilitoka! Mbona mimi hayanitoki? Hebu niambie, na uniambie kweli, hapa si barazani. Ndege wako wa mwaka ule alikaa matafuno mangapi?"

Machano akajikuna. Akautazama ukuta. "Tisini," akasema.

"Tisini! Na hiyo mia sita?"

"Tulihesabu na njia ya kurudi nyumbani, nikiwa nimembeba."

Mize akaketi mchangani pale pale. Machano akambembeleza kutoka juu, "Lakini wewe una akili, mama Riziki."

"Akili nitoe wapi? Mimi namwogopa hata jogoo wa jirani!"

Akarudi nyumbani, na siku mbili zile akamrusha ndege wa mumewe uani asubuhi na jioni, mtoto mgongoni. Mara ya kwanza arobaini. Mara ya pili sitini na tano. Mara ya tatu ndege akaangukia chunguni. Na asubuhi ya siku ya tatu, alipokuwa anamvalisha mtoto, mtoto akapiga teke, teke likampata ndege, tumbo la ndege likachanika kutoka shingo hadi mkia. Mize akapiga kelele, akapika uwanga upesi upesi, akambandika karatasi mpya, akapaka uwanga mwingi juu yake bila kipimo. Basi akaenda uwanjani na ndege mwenye tumbo bichi, linalonata kila linapoguswa.

Uwanja ulikuwa umejaa. Sultani ameketi kitini, kichwani kilemba cha mikono kumi na minne. Kulia kwake Kadhi na kitabu cha sheria, kushoto Mzee Jecha, mwamuzi wa Sultani, mtu mwenye meno thelathini na mawili, fahari ya dola. Machano kaletwa kafungwa kamba, na Bwana Ngwali na Bwana Shomvi wamekuja mapema wapate kivuli.

Mize akapiga magoti. "Bwana wangu mtukufu, mimi nina hofu, mimi sijawahi kurusha mbele za watu, naomba nisomewe sheria kwanza yote, yote kabisa, nisije nikakosea na kukosea nako kukawa kosa jingine."

"Asomewe," akasema Sultani.

Kadhi akafungua kitabu, akasoma: "Ndege akiacha mkono, tambuu itafunwe. Ndege akigusa ardhi, tambuu itemwe. Na mti, na paa, na ua, na ng'ombe, na kichwa cha raia awaye yote, hivyo ni sawa na ardhi. Na atakayemwondoa ndege wa mwenziwe kabla tambuu haijatemwa, awe nani awaye, mkono wake ukatwe. Mrushaji asimame apendapo. Imetiwa muhuri na Bwana wetu Sultani Mwinyikondo."

Mize alisikiliza kinywa wazi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Rudia pale pa kichwa, shekhe wangu."

"Kichwa cha raia awaye yote ni sawa na ardhi."

"Ahsante."

Akainuka. Moyo wake ulikuwa unadunda hata mtoto mgongoni akawa anaruka nao. Hakwenda kwenye kichuguu wanaposimama warushaji wote ili washike upepo. Alikwenda mbele, na mbele tena, hata akasimama hatua saba kutoka kiti cha Sultani, upepo ukiwa nyuma yake.

"Machano!" akaita Bwana Ngwali. "Mkeo kapotea njia! Sokoni ni kule!"

Watu wakacheka. Mize akasema bismillahi, akafumba macho, akamrusha.

Ndege akaruka hatua saba. Akafika juu ya Sultani, akainamisha mdomo, na tumbo lake bichi likanasa juu ya kilemba, pa! Akatulia pale, mabawa yamenyooka, mkia umeelekea sikio la kushoto. Mzee Jecha alikuwa kwenye tafuno la tatu.

"Mwondoeni!" akanguruma Sultani.

Kila askari akaitazama mikono yake, akaipenda, akaificha nyuma. Sultani akainua mkono wake mwenyewe, na Kadhi akapiga ukelele, "Bwana wangu, mkono! Imeandikwa, awe nani awaye!"

Mkono wa Sultani ukasimama hewani, kisha ukashuka polepole. "Basi ametua," akasema. "Jecha, tema!"

"Usiteme!" Mize akajitupa miguuni pa yule mzee. "Usiteme, babu yangu, nakushika miguu, tafuna kwanza nisikilizwe! Bwana wangu, mimi ni mjinga, nauliza tu, aliyekosa kujua huuliza. Sheria imesema kichwa cha raia. Je, wewe ni raia? Maana kama ni raia, basi ametua kweli, na mume wangu aende chumvini, nami nitalia nitanyamaza. Lakini raia ana mtawala wake, na sisi hatukuambiwa kwamba Bwana wetu naye anatawaliwa, wala huyo mtu hatumjui, wala hatujui tumpelekee nani salamu zake. Na kama si raia, basi kichwa chako si ardhi, na ndege wangu bado yuko juu."

Sultani akamgeukia Kadhi, kwa taratibu sana, asimtikise ndege. "Unasemaje?"

Kadhi akazishika ndevu zake. "Bwana wangu, swali hili lina majibu mawili, na yote mawili nayaogopa."

Sultani akalitazama taya la Jecha likipanda na kushuka mara kumi. Kisha akasema kwa meno yaliyobanana, "Mimi si raia wa mtu."

"Basi tafuna, babu," akasema Mize, akamsogeza mtoto mbele akamnyonyesha, kwani alikuwa analia.

Jecha akatafuna. Mia ikapita, mia mbili zikapita. Sultani amekaa kama gogo, shingo imekakamaa, macho mekundu kwa hasira, na watu hawajui kama wacheke au wakimbie. Zilipofika mia tatu na moja, Bwana Shomvi akainama. Zilipofika mia nne na moja, Bwana Ngwali akaanza kulitazama goti lake.

Zilipofika mia tano, Sultani akasema chini chini, midomo haikufunguka vizuri, "Ngapi?"

"Mia tano na nne, Bwana wangu," akajibu Kadhi.

"Za meno kamili?"

"Kamili, Bwana wangu."

Sultani akainua kidevu kidogo. Ikawa tangu hapo hasira inapungua na kitu kingine kinaingia. Mia saba, akaamuru kwa kidole walete miavuli kuzuia upepo. Mia nane, akamfukuza kunguru kwa macho tu. Mia tisa, jasho linamtiririka hadi shingoni, naye hajifuti.

Zilipofika mia tisa na arobaini, pua ya Sultani ikaanza kucheza. Ikakunjamana. Ikakunjuka. Macho yakajaa machozi.

Mize akaiona ile chafya inakuja, akaiona nyuma yake miaka saba ya chumvi, akasahau yuko mbele ya nani, akasema kama anavyosema na mwanawe, "Bana pua, baba! Bana, bana, bana! Usiiachie! Vuta pumzi kwa mdomo, hivyo, hivyo hivyo, mtoto mzuri!"

Na Sultani Mwinyikondo akabana pua.

"Mia tisa na tisini!" uwanja mzima ukahesabu. "Na tisa! Elfu!"

Vigelegele vikapasua anga. Mzee Jecha, taya limemvimba kama boga, akainama ateme.

"Nani amekwambia uteme?" akafoka Sultani kwa sauti ya puani. "Ndege yuko juu! Tafuna!"

Jecha akatafuna huku analia. Elfu moja na mia. Elfu moja na mia mbili. Na zilipofika elfu moja mia mbili na saba, chafya ile ikakataa kungoja, ikatoka kama mzinga wa Idi. Kilemba kikaenda huku, ndege akaenda kule, akagusa ardhi, na Jecha akatema, akalala chali.

Sultani akaruka juu kichwa wazi. "Elfu moja mia mbili na saba! Mmeona? Ngwali, ziko wapi mia nne zako za sungura? Shomvi, mjomba wako yuko wapi? Kwa shingo tupu hii! Na kama si chafya ningefika elfu mbili, naapa ningefika tatu, hata bibi yangu angefika tatu, na yeye..."

Akasita. Alikuwa ameisikia sauti yake mwenyewe, na sauti ile ilikuwa ya Machano. Akatazama huku na huku. Watu wote walikuwa wameziba midomo kwa kanga na vitambaa, mabega yanatikisika. Sultani akaketi. Kisha likamtoka cheko, akacheka hata akashika mbavu, hata Kadhi naye akapata ruhusa ya kucheka.

"Mfungueni yule mpumbavu," akasema alipopata pumzi. "Nawe Kadhi, lete kalamu. Futa hilo neno la kichwa cha raia kuwa ardhi. Leo nimewekewa kitu kichwani nisiruhusiwe hata kujikuna, na nimeona si vizuri kichwa cha mtu yeyote kuitwa ardhi. Na wewe, mwanangu, omba utakalo."

"Bwana wangu, naomba mume wangu, na mbuzi mmoja wa maziwa, na ruhusa ya kwenda nyumbani sasa hivi, sasa hivi kabisa, kabla hajafungua mdomo."

Akapewa yote matatu. Na tangu siku ile mabingwa wa zamani wakaacha kujisifu, kwani kila aliyeanza, Sultani alimwambia, "Keti, nikueleze mimi nilivyombeba," na maelezo yalikuwa yanachukua tangu adhuhuri hadi magharibi, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba mwamuzi wake alikuwa na njaa.

Njiani kurudi Mchangani, Mize mbele na mtoto, Machano nyuma na mbuzi, Machano alivumilia mpaka penye kisima. Hapo akasema, "Mama Riziki, elfu moja mia mbili na saba! Mwakani nikiwaambia elfu mbili..."

Mize akasimama. "Waambie," akasema. "Lakini safari hiyo sema, hata mimi mwenyewe naweza."

Machano akafikiri. Akamtazama mkewe, akamtazama mwanawe aliyelala, akaivuta kamba ya mbuzi. Na yasemekana hiyo ndiyo siku ya kwanza mtu yule alipofika nyumbani kwake hajaongeza neno.

Hekaya imeacha mkono wangu, itue kwa apendaye.