Joto la Lusajo Lilitoka kwa Nani?

Hapo zamani, na ninyi mnaokohoa hebu nyamazeni kidogo, huko nyanda za juu ambako upepo hauna adabu, alikuwako mama mmoja, Tusekile, na binti yake wa pekee, Lusajo. Huko walikuwa na desturi yao: mtu akikurudishia mwanao kutoka kwenye baridi, mtoto ni wake. Anaondoka naye akamlee.

Siku moja wakirudi msibani, jua linawaka, Lusajo akateleza kijitoni akalowa chapachapa.

"Jua litamkausha," mama akajisemea.

Lo! Walipotokeza uwandani, upepo ukawapokea. Lusajo akatetemeka, meno yakagongana. Kisha akaacha kutetemeka. Akacheka.

"Mama, nasikia joto. Nivue."

Kaka yake Tusekile alikufa kwa baridi akisema maneno hayo hayo. Mama akapiga yowe, akaja Bupe, mke asiyejaliwa mtoto, aliyekuwa akikata nyasi. Ngwembe, mchunga kondoo, naye akaja.

"Mvue!" akasema Bupe.

"Nimvue kwenye baridi hii? Una wazimu?"

"Nguo mbichi ndiyo inayomuua, dada! Wala usimlaze juu ya jiwe, litamnyonya joto lote."

Bupe akamvua, akatandika nyasi kavu tele. Ngwembe akaketi upande wa upepo, akatanua blanketi lake kwa mikono miwili, akawa ukuta. Tusekile akavua nguo, akalala na mwanawe kifua kwa kifua, akiomba Mungu hadi sauti ikamkauka.

Jua likiinama, Lusajo akaanza tena kutetemeka.

"Anatetemeka! Amerudi!" Bupe akapiga vigelegele. Kisha akasema, "Mtoto ni wangu. Bila mimi angekufa ndani ya nguo zake. Na nyumba yangu haijapata kusikia mtoto akilia."

"Wako kwa lipi?" akasema Ngwembe. "Kila joto lililopanda kwenye ngozi yake, upepo ungelibeba, na nyasi zako ungezipeperusha. Tazameni vidole vyangu. Hivi viwili vimekufa."

Tusekile akamvuta mwanawe kifuani. "Nyasi hazina joto. Blanketi la Ngwembe halikumgusa. Joto lililomo mwilini mwake ni langu!"

"Na aliyempitisha uwandani na nguo mbichi ni nani?" Bupe akauliza.

Tusekile akaushika mkono wa Lusajo, akaukaza.

Haya, amueni ninyi mnaoota moto. Lakini mkitamka jina, mtazameni yule mama usoni. Je, nani alistahili kuondoka na Lusajo?