Paka wa Nyumba ya Zaka

Inasimuliwa kwamba hapo kale, katika mji mmoja wa wakulima wa ngano, aliishi mcha Mungu aitwaye Bibi Nusaiba. Waumini walimwekea amana ya ngano ya zaka, igawiwe mafukara kabla ya mavuno mapya. Panya wakaingia, wakatoboa magunia. Bibi Nusaiba akaleta paka.

Mumewe, Wahbi, alimkataza kumlisha. "Akishiba atalala. Mwache na njaa, ndipo atafanya kazi." Nusaiba akakubali. Panya wakapungua.

Asubuhi moja alikuta manyoya ya njiwa nyuma ya magunia. Mara wakamsikia jirani yao Ghanimu, mfuga njiwa, akifoka uani kwake: "Wallahi, paka aliyemla njiwa wangu nikimjua, hatabaki mtaa huu!"

Wahbi akanong'ona, "Nyamaza, mke wangu. Paka akiondoka, panya watakula haki ya mafukara. Hatusemi uongo. Hatusemi kitu, basi."

"Na njiwa je, alikuwa haki ya nani?" akauliza Nusaiba. "Panya nitapambana nao mwenyewe kwa ufagio."

Akayafunga manyoya kwenye kitambaa, akaenda kubisha hodi kwa jirani.

Ghanimu akayatazama. "Ala! Kumbe mwenye amana ya mji anafuga mwizi!"

"Mwizi ni mimi, ndugu yangu. Nilimnyima chakula ili anifanyie kazi, naye akajilisha kwako. Njiwa nitakulipa. Paka nimekuachia uamue."

Ghanimu akakikunja kitambaa chenye manyoya. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Mwishowe akasema, "Kuapa nimeapa, bibi. Lakini nimeona lililo bora kuliko kiapo changu. Nitatoa kafara ya kuvunja kiapo, nilishe masikini kumi, na paka abaki. Ila mlisheni! Njiwa wangu si posho yake."

Masikini kumi wakala wakashiba nyumbani kwa Ghanimu. Jioni Wahbi akamega kitoweo chake, akamwekea paka. "Haya, bwana mkubwa, karibu." Paka akala, akajilamba, kisha akarudi kwenye magunia yake kuwinda kama jana. Ngano ikawafikia wenyewe.

Ndugu zangu katika imani, Bibi Nusaiba alipobisha hodi ile hakujua kwamba paka wake angebaki. Alijua jambo moja tu: Mwenyezi Mungu aliyemkabidhi amana ya mafukara hakuhitaji khiyana kwa jirani ili amana hiyo ihifadhike.