Mhanga na Nguvu za Asubuhi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmefiwa? Au nanyi mmeshinda shamba kama mimi? Haya. Watoto mkae mbele. Na ninyi baba zao, mnaojifanya mmekuja kuwaita waje kula, kaeni tu, najua mnataka kusikia. Nitasema polepole, leo sina pumzi ya kupiga kelele. Nikisema "Chimba, Mhanga," ninyi mnaitikia "Chimba." Msiniache niimbe peke yangu kama mwendawazimu.

Hapo zamani za kale, kale ile ambayo hata bibi yangu aliisikia tu kwa wenzake, alikuwepo Mhanga. Wewe hujawahi kumwona? Basi hata mimi. Wanasema ana masikio ya punda, pua ya nguruwe, na ulimi mrefu wa kulambia mchwa. Kucha zake ni majembe. Alizaliwa na kucha hizo, akaambiwa achimbe, akachimba.

Alimchimbia Tembo.

Tembo alikuwa na bonde lenye udongo wa chumvi. Yeye na ndugu zake walipenda sana kuulamba. Pembe anazo, ndefu, za kufukulia mlima, lakini mwenye wa kumchimbia hachimbi. Kila asubuhi Mhanga alishuka bondeni. Kwaru, kwaru, kwaru. Jua linapanda, anachimba. Jua liko utosini, anachimba. Tembo analamba, ndugu zake Tembo wanalamba, wala hakuna aliyewahi kumwambia ahsante. Ujira wake ulikuwa ruhusa ya kula mchwa wa vichuguu vya Tembo. Alikula, akashiba, akarudi nyumbani amechoka. Kesho yake vilevile. Na akichimba aliimba:

Kucha zaisha, udongo hauishi,
Jua lazama, kazi haipungui.
Chimba, Mhanga.

Itikieni basi. Chimba. Ndiyo, hivyo.

Sasa Mhanga huyu alikuwa na jambo lake. Akirudi jioni, badala ya kujilaza, anakwenda nyuma ya nyumba, anachimba tena. Alichimba mashimo ya kupendeza. Mlango wa duara. Njia yenye kona. Kona ya pili. Kisha chumba, na ndani ya chumba tuta la kulalia, ili maji ya mvua yasimfikie mlalaji. Kuta alizipiga kwa mkia, pu, pu, pu, mpaka zikawa laini. Akimaliza shimo anakaa mbele yake, analitazama, anatabasamu peke yake. Hakuna aliyelala humo. Yalikwisha kufika saba.

Mkewe, Bi Mhanga, akasimama kando siku moja, mikono kiunoni.

"Mume wangu, mchana unamchimbia Tembo. Jioni unamchimbia nani?"

"Naichimbia nafsi yangu."

"Na nafsi yako inalala katika lipi kati ya haya saba?"

Mhanga akajipangusa udongo puani. Bi Mhanga hakuwa mkorofi, msimdhanie vibaya. Alikuwa amechoka kumwona mumewe amechoka.

Basi siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, wakasikia hodi. Alikuwa Mama Ngiri. Jasho linamtoka, na nyuma yake amejificha binti yake, mdogo, mkia juu.

"Karibu, Mama Ngiri. Kaa."

"Sikai. Mnajua nilikuwa na watoto watatu."

"Tunajua."

"Wa kwanza Fisi alimchukua kabla ya mvua za vuli. Wa pili amemchukua juzi. Nimebakiwa na huyu. Tunalala vichakani, na Fisi ameshakijua kila kichaka. Nimesikia una mashimo hayana watu. Nipe moja, ndugu yangu."

Moyo wa Mhanga ukajaa. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwomba hata kuyaona mashimo yake. Akamchagulia lililo bora kuliko yote.

"Ingia, Mama."

Ngiri, wanangu, haingii shimoni kama wewe unavyoingia chumbani. Huingia kinyumenyume. Anatanguliza matako. Msicheke. Anafanya hivyo ili uso na pembe zake zibaki mlangoni, adui akija akutane nazo. Basi Mama Ngiri akageuka, akarudi nyuma hatua moja, hatua mbili, ga! Akakwama kwenye kona. Akasukuma, akakwama zaidi. Mhanga na mkewe wakamvuta kwa miguu ya mbele mpaka akatoka, ubavu umechubuka.

Wakajaribu la pili. Akakwama. La tatu. Akakwama. Yote saba yalikuwa na kona. Mhanga huingia kichwa mbele, naye alidhani dunia nzima huingia kichwa mbele. Hakuwahi kumwuliza mtu.

"Mashimo yako ni mazuri," Mama Ngiri akasema. "Lakini siyo ya kulala mtu."

Maneno yale yalimchoma. Angemtukana kidogo angeona afadhali. Akatazama chini, akaona haya, kisha akamwambia, "Lala hapa kwenye majani nikuone unavyolala. Na mtoto alale kama anavyolala siku zote."

Mama Ngiri akalala. Binti akajibana ubavuni mwake. Mhanga akawazunguka, akachora mstari kwa ukucha.

"Sasa simama, urudi nyuma nikuone."

Akarudi nyuma. Mhanga akachora tena.

"Nitakuchimbia la kwako," akasema. "Hapohapo ulipolala."

"Lini?"

"Jioni. Nikitoka kwa Tembo nitakuwa nachimba kidogo kidogo."

"Fisi hangoji jioni zako, ndugu yangu."

Mhanga alisikia, lakini alikuwa ameshazoea. Jioni ilikuwa yake, asubuhi ilikuwa ya Tembo, ndivyo dunia ilivyokuwa. Jioni ya kwanza akachimba. Kwaru, kwaru. Udongo wa kiangazi ni mgumu, mnaujua wenyewe. Akafika kina cha goti. Jioni ya pili akakuta jiwe. Akalikwaruza, akalisukuma, halikutikisika, na mikono ilikuwa imeshachoka tangu bondeni. Jioni ya tatu Mama Ngiri alikwenda kutafuta mizizi.

"Nakuachia mtoto," akamwambia Mhanga. "Uwe unamtazama huku unachimba."

"Nenda, Mama."

Akachimba. Kwaru, kwaru. Kwaru. Kwa... Akalala. Alilala ndani ya shimo, pua udongoni, na kucha bado zimeushika udongo. Mtu akichoka hivyo hajui hata kwamba amelala.

Fisi alikuwa anatazama kutoka vichakani, yule mwenye mabega ya juu na kiuno cha chini. Akaja ananyata, tupu, tupu, tupu. Akamkamata binti Ngiri mguu wa nyuma.

Binti akapiga yowe. Mhanga akashtuka, hajui yuko wapi, akaona mguu wa mtoto mdomoni mwa Fisi. Hakuwa na pembe, hakuwa na meno ya vita. Akageuka akamrushia udongo wa machoni kwa miguu yake yote, vuu, vuu, vuu. Bi Mhanga akatoka nyumbani anapiga kelele. Na Mama Ngiri alikuwa amelisikia yowe, anakuja mbio, vumbi nyuma yake. Fisi akaona mambo yamekuwa mengi. Akamwachia mtoto, akasogea mbali kidogo, akajipangusa macho, akacheka.

"Sina haraka," akasema. "Wewe, Mhanga, unachimba kwa nguvu zilizobaki. Mimi nawinda kwa nguvu zote. Tutaona nani atamaliza kwanza. Kesho nitarudi."

Akaenda zake.

Mama Ngiri alimlamba mtoto mguu. Palikuwa na alama nne za meno. Hakumlaumu Mhanga hata kwa neno moja. Alikuwa hana nguvu ya kulaumu. Mhanga alitamani amlaumu.

Kulipokucha, Mhanga akatoka. Njia ya bondeni ilikuwa upande mmoja, shimo la Mama Ngiri upande mwingine. Akasimama katikati.

"Mbona husogei?" Bi Mhanga akamwuliza.

"Nafikiri. Nguvu za asubuhi nimempa Tembo maisha yangu yote, na yeye analamba chumvi tu. Huyu mama mtoto wake anataka kuliwa, na mimi nampa makombo."

"Ukimwacha Tembo tutakula nini?"

"Sijui."

Bi Mhanga akatazama njia ya bondeni. Akatazama kule binti Ngiri alikokaa, mguu umevimba. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki.

"Basi nenda ukachimbe," akasema, "kabla hatujarudiwa na akili zetu."

Akaenda akachimba. Na asubuhi ile, wenzangu, mikono ilikuwa mingine kabisa. Jiwe lililomshinda jioni akalizungushia kucha, akalivuta, gubu, likatoka. Kwaru, kwaru, kwaru. Udongo unaruka nyuma. Mama Ngiri anausogeza kwa pua, Bi Mhanga anaubeba. Imbeni naye.

Kucha zaisha, udongo hauishi,
Mtoto wa mtu yu nje, hana pa kulala.
Chimba, Mhanga.

Chimba.

Jua lilipofika utosini akaja Yangeyange, yule ndege mweupe anayeishi mgongoni kwa wakubwa. Akatua juu ya rundo la udongo.

"Bwana mkubwa anauliza, umekufa?"

"Mwambie sijafa."

"Amesema, kama hujafa na hukuja, basi mchwa wake usiwaguse tena. Wala mkeo."

"Nimesikia."

"Nimwambie hivyohivyo?"

"Mwambie nimesikia." Kwaru, kwaru.

Alipomaliza, jua lilikuwa limeanza kuinama. Shimo halikuwa na kona hata moja. Njia iliyonyooka, pana, yenye mteremko, na chumba cha kulala wawili. Halikuwa zuri kama yale saba. Binti akaingia kwanza, akachechemea mpaka mwisho. Mama yake akageuka, akarudi nyuma, hatua moja, hatua mbili, hatua tatu, akazama. Zikabaki pembe mlangoni na macho mawili.

Fisi alitimiza ahadi. Tupu, tupu, tupu. Akanusa mlango. Akaona giza, akaona kimya, akafikiri mama hayupo. Akaingiza kichwa.

Ga!

Alitoka pua imepasuka mara mbili. Siku hiyo hakucheka. Alikimbia akipiga chafya za damu, na upande ule hakurudi tena.

Mnafikiri hadithi imeisha, eti? Mnataka Mhanga abebwe juu juu, apigiwe ngoma. Hakuna aliyempigia ngoma. Siku ya pili yake nyumbani kwa Mhanga hapakuwa na chakula. Siku iliyofuata hivyohivyo. Walilamba sisimizi waliopotea njia. Bi Mhanga alikuwa anatazama sana upande wa bondeni. Mhanga naye alitazama.

Siku ya tatu Mama Ngiri akaja. "Nilikuwa nachimbua mizizi ng'ambo ya korongo," akasema, "nikakuta kichuguu hakina mwenyewe. Mimi mchwa sili. Njooni niwaonyeshe."

Wakala siku hiyo. Baada ya siku chache akaja Nungunungu.

"Nimesikia habari za shimo la Mama Ngiri. Mimi hulala nimejikunja, miiba juu. Utaweza?"

"Lala nikuone," Mhanga akasema.

Nungunungu naye alikuwa anakijua kichuguu mahali. Ndivyo ilivyokwenda. Anayetaka shimo analala, Mhanga anamtazama, anachimba asubuhi, na mwenye shimo anamwonyesha mchwa walipo. Msidhani ilikuwa raha mustarehe. Wapo waliolalamika mlango mdogo, ingawa ulipimwa vile walivyolala wenyewe. Mmoja alimchimbisha mara tatu. Mvua ilibomoa moja, akalichimba upya. Zilikuwepo siku hakuja mtu, na wakalala nusu tumbo. Na kucha zilikuwa zinaisha kama kawaida.

Jioni moja alirudi, akajitupa chini mbele ya nyumba. Bi Mhanga akakaa karibu naye.

"Umechoka?"

"Nimechoka sana."

"Kwa Tembo ulikuwa unarudi umechoka hivihivi. Tena kwa Tembo tulikuwa tunashiba kila siku. Mimi sikulaumu, mume wangu, nauliza tu. Tofauti iko wapi?"

Mhanga alifikiri. Hakuwa hodari wa maneno, alikuwa hodari wa udongo. Ndipo ikasikika sauti kutoka kwenye shimo la Mama Ngiri. Khoroo. Khoroo. Alikuwa binti, amelala kabla hata jua halijazama.

"Unasikia?" Mhanga akauliza.

Bi Mhanga akatega sikio. "Anakoroma."

"Ndiyo."

"Tena anakoroma vibaya, mtoto wa kike."

"Vibaya sana," Mhanga akasema.

Bi Mhanga akacheka, kisha machozi yakamtoka, akayafuta. Hakuuliza tena. Wakakaa palepale wawili, wanamsikiliza mtoto wa mwenzao akikoroma.

Haya, mafunzo ni haya, na nayasema wazi nisije nikasingiziwa. Ukiwa na kazi ya moyo wako, usiifanye kwa kipimo chako peke yako. Mwulize atakayelala humo, hulalaje. Ukishajua, ipe asubuhi yako, usiipe makombo ya jioni. Kuchoka utachoka tu, hilo silifichi. Lakini chokea kitu ambacho mwenzio atalalia usingizi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeitua chini, mwenye mabega na aibebe.