Kamba Aliyoionja Mzee Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na kijiji!

Na kijijini palikuwa na nini?

Palikuwa na mbwa!

Mbwa wa nani?

Wa jirani!

Eeh, mmejibu vyema. Mbwa mbaya siku zote ni wa jirani, wa kwako ana kelele kidogo tu. Haya, kaeni. Anayesinzia asogee mlangoni apigwe na upepo, mimi sirudii maneno.

Basi, hapo kale wanyama waliishi kijiji kimoja, na mlinzi wao alikuwa Mbwa. Jina lake Haambiliki. Akiona kivuli, hou! Akisikia jani, hou, hou! Usiku alizunguka zizi kwa zizi, na mchana alikimbiza chochote chenye miguu. Siku moja akamng'ata Bi Bata bawa, akidhani ni mwizi. Maskini Bi Bata alikuwa anakwenda zake kisimani.

Bi Bata akaenda kushtaki kwa Kobe, mwenyekiti wa kijiji. Kobe akaitisha baraza la asubuhi, mwenyewe akafika adhuhuri.

Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Fisi. Alikuwa amechana manyoya, na sauti ameilainisha kama mgeni aliyekuja kuposa.

"Ndugu zangu," akasema, "natoa sheria. Mbwa afungwe kamba ya shingo, usiku na mchana. Na ili asitupigie kelele, afungwe na kamba ya mdomo. Mdomo ufunguliwe wakati wa kula tu. Mimi sijali tumbo langu, najali kijiji."

Tumbo lake likasema: nguruuu!

Kondoo wakapiga makofi, pa pa pa! Kondoo hawana tabia ya kuuliza.

"Mimi naunga mkono," akasema Bi Bata. "Bawa linaniuma, silali." Wala msimcheke. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Hapo akasimama Bi Mbuzi. Pembeni yake walisimama wanawe, pacha wadogo, hata pembe hawajaota. Hakuilainisha sauti.

"Mwaka jana Haambiliki aliugua usiku mmoja," akasema. "Usiku mmoja tu! Asubuhi nikaamka, mwanangu hayupo, majani yana damu. Leo nina hawa wawili. Mkimfunga mbwa, wanangu mnampa nani?"

Haambiliki mwenyewe akainamisha kichwa.

"Pole sana, mama," akasema Mzee Fisi, huku anawatazama wale pacha. "Wamenenepa lakini, mashallah. Mimi sijali tumbo langu, najali kijiji."

Nguruuu!

Kobe akakohoa. "Tupige kura," akasema. Na kura mnazijua: kondoo walikuwa wengi kuliko wote. Bi Mbuzi akawakumbatia wanawe kwa shingo yake, akakaza meno.

Mara sauti ndogo ikatoka chini kabisa, katikati ya miguu ya watu. "Mimi mdogo, naomba kuuliza."

Alikuwa Kalunguyeye. Mnamjua? Yule mdogo wa miiba, ukimgusa anajikunja akawa mviringo kama ndimu. Hakuwa mbuzi, hakuwa bata, hakuwa na zizi. Alisimama kwa nini? Subirini, mbona mna haraka!

"Uliza," akasema Kobe.

"Hapa kwetu, chakula cha shughuli hupelekwa kwa wageni kabla mpishi hajaonja?"

"Hakipelekwi!" wakajibu wote. Kwao hiyo ilikuwa desturi kubwa. Mpishi asipoonja mbele ya watu, sahani zinarudi jikoni, hata pilau inukie vipi.

"Na sheria hii kaipika nani?"

"Mzee Fisi!"

"Basi aionje."

Watu wakanong'ona, nong'o nong'o nong'o. Fisi akacheka, lakini meno ya nyuma hayakucheka. "Wewe mdogo una wazimu? Kamba ni ya mbwa."

"Mimi mdogo, naomba kuuliza tena," akasema Kalunguyeye, wala hakurudi nyuma hata kidogo. "Huyo atakayefungwa atakula nini?"

"Ataletewa chakula," akasema Bi Bata, maana moyo wake ulikuwa mzuri hata kama bawa lilimuuma. "Hatuwezi kumfunga mtu tukamwacha na njaa."

"Ile mifupa ya arusi ya Punda ipo?"

"Ipo, bakuli zima. Na uboho wake ndani."

Msiniulize mifupa ya nani. Ngano haikaguliwi.

Fisi aliposikia uboho, mate yakamdondoka, to, to, to. Akajiambia moyoni: kamba kidogo, mifupa mingi. Akauliza, "Naonja mpaka lini?"

"Mpishi huonja mpaka aijue ladha," akasema Kalunguyeye.

"Basi nifungeni. Mimi sijali tumbo langu, najali kijiji."

Nguruuu!

"Nafunga mimi," akasema Bi Mbuzi.

Sasa sikilizeni. Bi Mbuzi alifungwa kigingini tangu utotoni. Mafundo yote aliyajua: linalofunguka, linalojifungua lenyewe, na lile ambalo ukilivuta linakaza. Akaikamata kamba ya katani kwa meno. Kigingini, kwaku! Shingoni, kwaku! Mdomoni, kwaku! Lile linalokaza.

Bakuli likaletwa, likawekwa mbele ya Mzee Fisi. Harufu ikampanda puani. Akataka kupanua mdomo, haupanuki. Akavuta kamba, kru! Ikakaza. Akavuta tena, kru! Ikazidi kukaza.

"Mimi mdogo, naomba kuuliza," akasema Kalunguyeye. "Mwenyekiti, wakati wa kula ni saa ngapi?"

Kobe akafikiri. Kobe akifikiri, mtu anaweza kwenda kuteka maji akarudi. Mwishowe akasema, "Sheria haikutaja."

"Haikutaja!" wakaitikia kondoo.

"Atueleze aliyeitunga."

Wote wakamgeukia aliyeitunga. Aliyeitunga alikuwa amefungwa mdomo.

"Basi kama yupo anayepinga kufungwa kwa Mzee Fisi," akasema Kobe, "aseme sasa, kwa mdomo wake mwenyewe. Ndiyo desturi ya baraza."

Wakangoja. Inzi akapita, vuuu. Wakangoja.

Nguruuu!

"Tumbo halina kura," akasema Kobe, na neno likawa limepita.

Bi Mbuzi akamsogelea Fisi, uso kwa uso. "Mwanangu wa mwaka jana," akasema. "Ni wewe?"

Fisi akaangalia chini.

"Nilijua," akasema Bi Mbuzi. "Fundo hili la shingoni nitalifungua siku wanangu wakiota pembe. Asiyekubali aje alifungue yeye."

Nani aende? Hakwenda mtu. Kila jioni wakampa Fisi uji wa pumba, mdomo unafunguliwa, huku Haambiliki amesimama karibu na sikio lake. Kila mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kumbe fisi naye.

"Na bawa langu je?" akapiga kelele Bi Bata, maana hakuwa amesahau, na haki yake ilikuwa haki. Wakakata shauri: Haambiliki afungwe mchana, jua likizama aachiwe. Na kila asubuhi, kabla ya kufungwa, amtekee Bi Bata maji mpaka bawa lipone. Haambiliki akasema hou, safari hii taratibu.

Jua likazama. Haambiliki akafunguliwa, akaenda kulinda zizi la pacha. Bakuli lake la makombo likabaki nyuma ya jiko, peke yake.

Kikaja kitu kidogo chenye miiba. Chwa, chwa, chwa. Kikala mpaka kikalamba ukingo.

Ndiyo kazi yake ya kila siku! Mbwa akizunguka, bakuli halina mwenyewe. Mbwa akifungwa usiku na mchana, si atalala juu ya bakuli lake?

Haya, fundisho, watoto wazuri. Anayesimama kumtetea jirani huwa hana lake. Na sheria ikiletwa na mwenye tumbo kubwa, pigeni makofi upesi, msiulize kitu, maana kuuliza ni utovu wa adabu.

Hadithi yangu naifunga hapa kwa fundo la Bi Mbuzi. Anayetaka kuifungua, atangulie kuionja.