Mwanakheri na Mtoto wa Zimwi

Paukwa!
Pakawa!
Anayelia?
Abebwe!

Hapo kale palikuwa na mwanamke akiitwa Mwanakheri. Alikuwa na mtoto mchanga, Mbaruku, asiyejua chakula kingine ila ziwa la mamake.

Siku moja alimwacha kwa mavyaa wake, mama wa mumewe, akaenda mtoni kuteka maji. Mara zimwi likamnyakua, mbio, mpaka pangoni!

Mle pangoni mlikuwa na kizimwi kidogo, kimekonda, mbavu nje. Mamake alikuwa amekufa.

Zimwi likasema, "Niliiba ng'ombe. Bila ndama wake hakushusha maziwa, nikamla. Nikaiba mbuzi. Bila mwanawe hakushusha maziwa, nikamla. Sasa nimekuiba wewe. Mnyonyeshe mwanangu!"

Mwanakheri akakipakata kizimwi, akakipa ziwa. Maziwa hayakutoka. Hofu ilikuwa imeyafunga.

Jua likapanda. "Mbaruku ameshaamka," akawaza. "Sasa hivi analia."

"Yametoka?" likauliza zimwi.

"Bado."

Likasaga meno. "Yametoka?"

"Bado, bwana wangu."

Likasogea, pumzi zake zikamchoma shingoni. "Yametoka?"

Hapo kizimwi kikalia, kilio chembamba cha njaa, kama cha Mbaruku hasa. Basi maziwa yakashuka yenyewe, chururu, yakalowesha kanga. Kizimwi kikanyonya, kikanyonya, kikanyonya, hata kikacheua.

"Vyema," likasema zimwi. "Sasa zamu yangu kula."

"Ukinila utashiba," akasema Mwanakheri. "Lakini jioni mwanao akilia, utampa nini?"

Zimwi likamtazama mwanawe. Likafumba kinywa.

"Nami nina wangu analia. Akifa, maziwa haya yatakauka kwa huzuni. Niache niende, na wako nitamlea pamoja naye."

"Mchukue," likasema zimwi.

Mwanakheri akakifunga kizimwi mgongoni, akakimbia. Alipofika mlangoni kwake, kimya. Hakusikia kilio.

"Mama! Yu wapi mwanangu?"

"Huyu hapa, mwanangu," akajibu mavyaa wake. "Amelia hata sauti imemkauka."

Akampa ziwa. Mbaruku hakufumbua macho. Akamkamulia tone mdomoni. Akamkamulia la pili. La tatu, mtoto akameza, akalishika ziwa kwa nguvu. Mwanakheri ndipo akalia.

Basi wakanyonya wote wawili, huyu kulia, huyu kushoto, wakawa ndugu. Na zimwi halikula tena mtu wa kijiji kile, kwani nani hula jamaa za mwanawe?

Hadithi yangu naitua hapo. Mwenye kunyonyesha hatiwi hofu, na mtoto mwenye njaa haulizwi ni wa nani.